Mwaka Niliokula Malenge

Mama alifariki wiki ya mwisho ya Septemba, wakati maduka ya Euless, mji wa ng'ambo alikoishi, yalikuwa yameshapanga malenge milangoni juu ya marobota ya nyasi kavu. Kwa siku nne nilikaa katika nyumba yake nikipokea watu wa matanga, na katika siku hizo nne nililetewa mikate mitano ya malenge, pai tatu, sufuria ya supu ya malenge, na chupa ya maziwa ya kutia kwenye kahawa iliyochorwa malenge ubavuni. "Tumekumbuka vile unayapenda," akina mama wa kanisa waliniambia mmoja baada ya mwingine, wakinishika mikono yote miwili. "Mama yako alikuwa hachoki kutuambia." Niliwashukuru. Nilikata kipande cha kila mkate mbele ya aliyeuleta, nikatafuna, nikameza, nikasema ni mtamu. Ukweli ni kwamba sipendi malenge. Sijawahi kuyapenda, yawe ya kuchemsha, ya kuoka, ya kuponda au yale ya kunusia tu kwenye kikombe. Katika mji ule mtu pekee aliyeujua ukweli huo alikuwa mama, naye aliniomba nisiwaambie wale akina mama, kwa kuwa walikuwa wameshatuokea mikate mingi mno na tungeonekana watu wasio na shukrani. Sikuwaambia. Nilikaa kwenye kochi lake nikila mkate wa malenge, nikatamani mama awe pale, nikaona ni heri niandike habari za mwaka ule wa 2017 nikiwa bado nazikumbuka sawasawa.

Nilifika Agosti nikiwa na miaka kumi na sita. Mama alikuwa ameondoka nyumbani nikiwa na sita. Kwa nini aliondoka, na kwa nini ikachukua miaka kumi, hayo ni mambo ya makaratasi, na nimechoka kuyaeleza. Alinipokea kwenye uwanja wa ndege akiwa bado amevaa sare ya kazi, ile ya bluu ya wauguzi, kwa sababu alitoka zamu moja kwa moja akiogopa kuchelewa. Tulisimama tukitazamana, kisha nikampa mkono. Ndiyo, nilimpa mama yangu mkono kama ninayempa mwalimu mkuu, naye akaupokea kwa mikono miwili, akautikisa, na baadaye ndipo akanikumbatia. Ndani ya gari alinisemesha kwa Kiswahili. Nyumbani Nyahururu sisi sote tulizungumza Kikuyu, lakini Kikuyu alichokuwa nacho cha kuniambia mimi kilikuwa cha mtoto wa miaka sita, na nadhani aliona hakitoshi tena. Nilimjibu kwa Kiswahili cha shule, kwa adabu, na tukaendelea hivyo maisha yake yote.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili vya kupangisha kando ya barabara kuu, na ndege zilipita juu ya paa zikielekea kutua, chini kiasi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini. Mama alinipa chumba cha kulala. Yeye alilala kwenye kochi sebuleni akidai mgongo wake unalipenda. Kitanda changu kilitandikwa shuka za zambarau, kwa sababu nikiwa mdogo niliwahi kulilia gauni la zambarau sokoni nikakataa kutembea. Nilikuwa nimeshaisahau siku hiyo. Nilisema shuka ni nzuri sana. Kila kitu nilikisema ni kizuri sana, maana Shosho, nyanya yangu aliyenilea, alikuwa amenionya vya kutosha wakati ananifungia mizigo. "Kwa watu usichague chakula," aliniambia. "Ukimaliza sahani ya kwanza, omba uongezwe kidogo, mwenye nyumba afurahi." Nililishika neno hilo vizuri kuliko nambari ya pasipoti yangu. Kosa langu, ambalo leo nalicheka na wakati mwingine sicheki kabisa, ni kwamba kwa mama yangu mzazi nilipahesabu kuwa ni kwa watu.

Chakula cha kwanza alichonipa kilikuwa malenge. Alikuwa ameendesha gari mpaka Carrollton, kwenye duka la Wakorea, kwa kuwa huko ndiko alikogundua malenge ya kijani, madogo na magumu, yanayofanana kidogo na ya kwetu. Aliyachemsha na maganda yake, akayakata vipande, akayaweka kwenye sahani kubwa na chai ya maziwa pembeni, halafu akakaa mkabala nami bila kula, akinitazama. Sasa, kwa Shosho malenge yalirundikwa juu ya dari ya jikoni yakakaa huko miezi, na wakati wa kiangazi yalishuka moja moja kila asubuhi mpaka nikawa nayaona ndotoni. Sikuupenda utamu wake ule wa kujifanya sukari wala nyuzi zake kwenye meno. Shosho alijua. Alikuwa akinichemshia viazi viwili pembeni na kipande changu cha malenge anampa ndama, wala hatukuwa na kesi. Lakini siku hiyo nilikula vipande vyote nilivyowekewa, nikainua sahani nikasema, "Naweza kuongezwa kidogo?"

Sitausahau uso wa mama. "Unapenda malenge?"

"Sana."

"Kama mimi!" Alipiga makofi, akasimama, akakaa tena. "Aki Mungu. Kama mimi tu! Mimi nikiwa shule nilikuwa nakula malenge mpaka Shosho yako ananifichia."

Saa hiyo hiyo alimpigia Shosho kwa video kumpa habari. "Mum, Njeri anapenda malenge! Amekula vipande saba!" Kule upande wa pili kulikuwa asubuhi, na Shosho alikuwa na kitambaa kichwani na kikombe mkononi. Alinitafuta kwa macho kwenye kioo cha simu. "Eeh," akasema. "Huyo hula vizuri." Jumapili iliyofuata, mama akiwa bafuni, Shosho alinishika peke yangu kwenye simu. "Njeri, ni nini hiyo nilisikia?" Nikamwambia nimefanya vile alivyoniagiza. "Mimi nilisema kwa watu," akajibu. Halafu akatikisa kichwa. "Umeanza wewe, utamaliza wewe. Mimi simo."

Ningemaliza wiki ile ile kama ningejua nchi niliyoingia. Mwanzoni mwa Septemba, joto likiwa bado linayeyusha lami, maduka yaliamua kwamba ni majira ya majani kupukutika. Hakuna jani lililopukutika Euless hadi mwishoni mwa Novemba, lakini malenge yalimwagika kila mahali. Yalikuwa kwenye kahawa, kwenye mtindi, kwenye biskuti, kwenye mishumaa, kwenye sabuni ya kunawia mikono na, nakumbuka vizuri kwa sababu nilisimama nikasoma mara mbili, kwenye chakula cha mbwa. Mama aliyapokea haya yote kama zawadi niliyotayarishiwa mimi binafsi. "Ona," alikuwa akiniambia tukisukuma kigari dukani, "ni kama walikuwa wanakungoja." Asubuhi nilikuta chapati za maji zenye malenge. Jioni nilikuta supu. Alikuwa na kazi mbili, moja kwenye nyumba ya kutunzia wazee na nyingine ya kumhudumia bibi mmoja nyumbani kwake, na saa tulizoonana zilikuwa chache hata ungezihesabu kwenye vidole. Kwa hiyo mazungumzo yetu mengi yalikuwa chakula. Aliacha sufuria juu ya jiko na karatasi juu ya sufuria, "Pasha dakika tatu, iko na malenge," na mimi nilirudisha karatasi na jibu langu, "Ilikuwa tamu."

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yetu. Kati ya kazi ya asubuhi na kazi ya mchana alikuwa na saa moja na nusu, na saa hiyo alinichukua tukapita kwenye dirisha la mkahawa wa kahawa, akainamia kile kipaza sauti na kuagiza vikombe viwili kwa Kiingereza chake cha kazini, akiongeza kwa sauti ya kujisifu kwamba cha binti yake kizidishwe malenge. Tukaenda kuegesha karibu na ua wa uwanja wa ndege. Kinywaji chenyewe kilikuwa cha moto, kitamu kupita kiasi, chenye mdalasini, karafuu na kungumanga, na chini kabisa kulibaki matope ya rangi ya machungwa ambayo mama alikuwa akinikumbusha kuyakoroga ili nisiyakose. Niliyakoroga. Ningekunywa hata mafuta ya taa kwa ajili ya ile saa moja na nusu, maana ndipo mama alipokuwa akizungumza. Alivua viatu, akakunja mguu mmoja chini yake kama msichana, akanieleza kuhusu mzee mmoja kazini kwao aliyemwita kwa jina la marehemu mke wake, na jinsi alivyojaribu kumsahihisha kwa wiki mbili, kisha akaamua kuitika tu. "Ananiuliza, chakula kiko tayari? Namwambia, bado kidogo, darling." Alicheka mpaka akamwagia sare kahawa. Hakuna mahali hapa duniani ninapopatamani leo kama ndani ya gari lile lenye harufu ya karafuu, na hilo linanichekesha, kwa maana harufu yenyewe hadi sasa ikinipiga ghafla dukani nageuza kigari nipite njia nyingine.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mama Zuhura, Mtanzania kutoka Tanga, aliyefanya kazi ya ofisi huko Plano na kurudi kila jioni akilalamikia foleni. Kwake nilijifunza kusema shikamoo, neno ambalo Nyahururu ningelisema watu wangegeuka kuangalia ninamwongelesha nani. Yeye ndiye aliyetukuta jikoni katikati ya Oktoba na lile malenge kubwa. Mama alikuwa amelikuta nje ya duka, zito kama mtoto wa miaka miwili, la rangi ya machungwa inayong'aa, na hakuamini kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kuuzwa rahisi hivyo. Tulilipandisha ngazi wote wawili tukipumzika kila baada ya ngazi tatu. Alilikata, akalichemsha kwenye sufuria mbili, na maji yakatoka mengi kuliko malenge. Kilichobaki kilikuwa nyuzi za rangi hafifu zisizo na ladha yoyote, si tamu wala chungu, kama kutafuna kamba iliyoloa. Mama aliongeza sukari, akaongeza siagi, akaongeza chumvi. Mimi nilikuwa nimeshamaliza sahani ya kwanza na nimeinua ya pili Mama Zuhura alipoingia.

"Shikamoo," nikasema kinywa kikiwa kimejaa.

"Marahaba. Mnakula nini?" Alichungulia sufuria, akaona maganda sakafuni, akaweka mkono kifuani. "Jamani, Mama Njeri! Hilo boga si la kula! Hilo la kuchonga macho na meno, wanaweka mshumaa ndani. Wenzenu wanalitupa."

"Kwani malenge si ni malenge?" mama akauliza.

"Si kweli, dada yangu. Na mtoto anakula? Mwanangu, unakula hiki kitu?"

"Ni tamu," nikasema.

Mama alinitazama kwa mapenzi makubwa. "Unaona? Huyu malenge hawezi kuacha, hata ikiwa ya taka." Mama Zuhura hakucheka. Alinitazama muda mrefu, akaenda kwake, akarudi na bakuli la futari, maboga yaliyopikwa kwa tui la nazi na iliki, ambayo nakiri ndiyo pekee niliyokaribia kuielewa. Siku mbili baadaye nilimpelekea bakuli lake nikalikabidhi mlangoni, naye akanivuta ndani. Watoto wake wawili walikuwa mezani wakigomea wali. Mmoja alikuwa akisema kwa Kiingereza kwamba una vitu vya kijani ndani, mwingine alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Unawaona hawa?" Mama Zuhura akasema. "Kila siku wananikatalia chakula, na mimi nawapigia kelele, na wanakula au hawali. Wewe tangu uje mama yako hujamkatalia hata chai. Unakula kama mgeni, Njeri. Mimi hilo linanipa wasiwasi." Nikamwambia mimi kweli napenda malenge. "Haya," akasema, na sauti yake ilionyesha haamini hata kidogo.

Nilikusudia kumwambia mama baada ya siku ile. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyapanga kitandani kwenye zile shuka za zambarau, nianze na kumsifu halafu niingie pole pole. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mama amekaa kwenye kibaraza na simu sikioni, mlango wa kioo umebaki wazi kidogo, nami nilikuwa nakuja na chai yake. Alikuwa akiongea na rafiki yake Rahab wa Houston. "Sijui, Rahab," alikuwa akisema. "Anasema yes kwa kila kitu. Simjui. Vitu nilikuwa najua ni za mtoto wa six. Sijui anaogopa nini, sijui rafiki zake walikuwa akina nani, sijui hata analala upande gani. Nikimuuliza anasema kila kitu iko sawa, Mum." Akamsikiliza Rahab. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa na furaha ndani yake. "Lakini malenge najua. Hiyo moja najua. Na hiyo ametoa kwangu, hakuna mtu alimfundisha." Nilirudi jikoni na chai yake nikaimwaga kwenye sinki. Ningemwambiaje? Alikuwa na kitu kimoja tu kuhusu mimi, na kitu hicho kilikuwa uongo, na uongo ulikuwa wangu. Nilijiapiza kwamba nitakula malenge mpaka nife.

Novemba mama akasema tutakwenda Houston kwa Auntie Rahab kusherehekea Siku ya Shukrani. Nilifurahi kwa sababu moja ya kitoto. Mama alikuwa ameniambia kwamba atapika chapati, na tangu nifike sikuwa nimeonja chapati ya kusukuma hata moja, kwa kuwa zinataka muda na muda hakuwa nao. Kwetu chapati zilikuwa Krismasi, zilikuwa mgeni mkubwa, zilikuwa Shosho amekaa kwenye kigoda na unga mpaka viwikoni, akinipa ya kwanza kutoka kwenye kikaango kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa wiki nzima nilizihesabu siku kwa ajili ya chapati. Asubuhi ya safari nilipoamka mama alikuwa ameshamaliza, jikoni pamefagiliwa, na hotpot yake kubwa ya kutunza joto la chakula imefungwa kwa leso tayari kupelekwa kwenye gari. Niliiweka mapajani saa nne nzima kwenye barabara ya kusini, vuguvugu lake likinipita kwenye nguo, na mama akiimba nyimbo za kanisa huku akigonga usukani.

Nyumba ya Auntie Rahab ilikuwa imeingiliwa na maji ya mafuriko ya Agosti. Nilikuwa nimeona picha, lakini picha hazikunitayarisha. Mafundi walikuwa wamekata kuta zote kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua ili zisioze, zikabaki mbao tupu za kusimama, kwa hiyo ukiwa sebuleni uliona miguu ya watu ikitembea jikoni na chumbani, na vichwa vyao hukuviona. Sakafu ilikuwa zege. Nje, kando ya barabara, rundo la magodoro na mazulia lilikuwa bado linangoja kubebwa. Ndani ya mifupa hiyo ya nyumba Auntie Rahab alikuwa ameng'oa mlango mmoja akaulaza juu ya mapipa mawili, akautandika kitambaa cheupe, na watu wapatao kumi na tisa tulizunguka tukiwa tumekalia ndoo za rangi, makreti na viti vya bustani. Ilifanyika sala ndefu. Auntie Rahab alishukuru kwa paa, akashukuru kwa jiko la umeme la kuazima, akalia kidogo, watu wakasema amina. Kulikuwa na bata mzinga, pilau, kachumbari, sukuma wiki. Kisha mama akaileta ile hotpot, akanifungulia mimi wa kwanza, mbele ya wote, na tabasamu la mtu aliyeficha zawadi.

Chapati zilikuwa za manjano. Manjano kama ute wa yai. "Chapati za malenge!" mama akatangaza. "Nimeamka saa tisa nikakanda na malenge, kwa sababu ya Njeri. Zote arobaini!"

Sijui ni kitu gani kilinipata. Nilikuwa nimekula malenge yale ya kuchongwa macho. Nilikuwa nimekoroga matope ya vikombe kumi na kitu. Lakini nilizitazama zile chapati, na kabla sijaushika mdomo wangu nikasema, kwa sauti niliyoisikia ikipanda na kupasuka kama ya mtoto mdogo, "Mum, hata chapati?"

"Hata chapati nini?"

"Sipendi malenge. Mimi sipendi malenge, sijawahi kupenda. Hata chapati umeweka?"

Auntie Rahab ndiye aliyepata maneno kwanza. "We mtoto! Watu hapa wanashukuru kuwa na ukuta nusu, wewe unachagua chapati?" Mama alifunika hotpot taratibu, akaugeuza mfuniko mpaka ukakaa sawa, akaondoka. Niliiona miguu yake kupitia zile mbao, viatu vyake vyeupe vya kazini, ikipita jikoni, ikipita kwenye korido, ikitoka nje. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilikuwa nimechukua kile kitu kimoja alichokuwa nacho nikakivunja mbele ya watu.

Nilimkuta ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mikono kwenye usukani. Niliingia upande wangu. Alikaa muda akilitazama lile rundo la magodoro.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nikiwa kwa Shosho. Shosho anajua."

"Shosho anajua." Alifumba macho. "Kwa hivyo ile siku ya kwanza?"

"Shosho alisema niombe nyongeza."

"Na kahawa?"

"Kahawa ndiyo mbaya kabisa, Mum."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Kwa nini hukusema?"

"Ulifurahi sana."

"Nilifurahi kwa sababu nilifikiri ni ukweli, Njeri." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Sasa sina kitu. Nilikuwa na moja, sasa hakuna."

Nilitafuta cha kumpa. "Napenda chapati," nikasema.

"Kila Mkenya anapenda chapati. Hiyo si kitu."

"Zambarau sipendi siku hizi."

Aligeuka akanitazama. "Zile shuka?"

"Zile shuka. Na sipendi ukilala kwenye kochi, najua mgongo unakuuma, nakusikia ukigeuka. Na sipendi ukiniambia asante nikiosha vyombo. Kila siku unaniambia asante kama mimi nimekuja kukusaidia kazi."

Nje mtoto mmoja alipita akiendesha baiskeli, akalizunguka lile rundo, akapotea. Nilikuwa na hakika kwamba nimeharibu zaidi. Kisha mama alifungua mlango, akashuka, akaingia ndani kwa hatua za kazini, na nilipomfikia alikuwa ameshafungua kabati la jikoni. "Rahab, unga iko wapi? Na chumvi. Na unipe kitu nikandie."

Alikanda palepale juu ya ule mlango, watu wakisogeza sahani zao kumpisha. Alikanda kwa hasira, unga ukiruka mpaka kwenye kachumbari, bila kuliacha donge lipumzike hata dakika kumi, akasukuma kwa chupa ya soda kwa kuwa kifimbo cha kusukumia kilichukuliwa na maji, akachoma kwenye kikaango chembamba kilichounguza katikati na kuacha kingo mbichi. Watu walijifanya wanaongea. Mimi nilikaa juu ya ndoo yangu. Aliniwekea ya kwanza kwenye sahani, nyeupe, yenye madoa meusi, akasimama juu yangu mikono kiunoni.

"Haya. Sema."

Niliing'ata. Ilibidi nivute kwa meno. Nilimtazama mama, unga kwenye nyusi zake, jasho kwenye mdomo wake wa juu, na nikafikiria kumdanganya, Mungu anisamehe, nilifikiria kabisa. "Ni ngumu, Mum," nikasema.

"Ngumu?" Sauti yake ilipasua nyumba ile isiyo na kuta. "Ati ngumu? Umenisumbua tangu asubuhi, umeniaibisha mbele ya watu, nimekanda mara mbili siku moja, unaniambia ngumu? Kula hiyo chapati! Kula yote, na ukimaliza uoshe hivi vyombo, vyote, na nisisikie mtu anakusaidia!"

Kwa miezi mitatu mama hakuwa amenigombeza hata mara moja. Nilikula chapati tano, ngumu, zilizoungua, moja baada ya nyingine, nikilia na kutafuna kwa pamoja. Kisha nikakunja mikono ya sweta nikaosha vyombo vya watu kumi na tisa kwenye beseni pale kwenye zege, na mama akawa anapita akiniongezea sufuria, akachunguza sahani moja, akaitumbukiza tena kwenye maji kwa kuwa ilikuwa bado na mafuta, na hakuniambia asante.